Usiku wa manane Tokyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kula, kuzunguka na treni ya mwisho

Kila wiki napata meseji za watu wanaokuja Tokyo, wengine wanakuja kusoma, wengine kikazi, wengine kutembea tu siku tano wanaondoka, na maswali ni yale yale, tutakula wapi usiku, treni zinaisha saa ngapi, kuna usalama, sasa nimeona niyajibu yote kwa pamoja. Mimi usiku wa huu mji naupenda kweli na nataka na wewe uufaidi, usiishie kulala hotelini saa nne kisa hujui pa kuanzia.

Hivi ni kweli Tokyo hailali?

Watu hawalali ila treni zinalala. Ukilielewa hilo tu ushaelewa usiku wa Tokyo karibu wote. Tofauti na New York ambako treni za chini ya ardhi zinapita usiku kucha, hapa kuanzia saa sita usiku kuelekea saa saba, kutegemea na laini na stesheni uliyopo, treni za mwisho zinaondoka, na baada ya hapo hamna kitu mpaka kama saa kumi na nusu au kumi na moja alfajiri. Treni ya mwisho wanaiita shuden, hilo neno lishike kabla hata ya neno la asante maana utalisikia kila meza ikikaribia saa tano na nusu usiku, mtu anaangalia simu, anasema shuden, nusu ya meza inanyanyuka kuvaa makoti. Wanaobaki wamekubali kwamba wapo mpaka kukuche.

Kwa hiyo usiku wa hapa una zamu mbili. Ya kwanza ni ya watu wenye haraka, ya pili ni ya watu wasio na pa kwenda, na chakula, bei na hata namna watu wanavyoongea vinabadilika kati ya hizo zamu mbili. Cha maana ni kuamua mapema uko zamu ipi. Mtu anayeamua saa sita na dakika arobaini akiwa ngazi za stesheni, huyo ndo anaishia kulipa hela ambayo hakupanga.

Kwa nini sasa wasiendeshe treni usiku kucha, si wana teknolojia yote?

Reli inahitaji kukaguliwa na kutengenezwa, na muda pekee wa kufanya hiyo kazi ni yale masaa machache treni zimesimama. Mwaka 2021 kampuni ya reli ya JR East ilizifanya treni zake za mwisho ziondoke mapema zaidi kwa kama nusu saa kwenye laini nyingi za Tokyo ili mafundi wapate muda zaidi, kwa hiyo ukikuta ushauri wa zamani kuhusu saa za treni usiuamini, angalia kwenye ramani ya simu siku hiyo hiyo. Basi la usiku kucha walishajaribu, kati ya Shibuya na Roppongi, lilianza Desemba 2013 likafutwa mwaka uliofuata kwa kukosa abiria.

Nimeona duka limeandika linafunga saa 26:00, ndo saa ngapi hiyo?

Hili swali nalipenda. Hapa biashara za usiku zinaendelea kuhesabu baada ya 24, yaani 25:00 ni saa saba usiku, 26:00 ni saa nane, 29:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Sababu ni kwamba kwao siku haijaisha mpaka duka lifungwe. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi, wao wanaandika Ijumaa saa 26:00, wazo ni lile lile, kwamba usiku ni kitu kimoja kizima hakikatwi katikati na tarehe. Ila kuwa makini ukikata tiketi ya shoo ya usiku, ukiona Ijumaa 25:00 usijiandae kwenda Alhamisi usiku, ni Ijumaa usiku, ule wa kuamkia Jumamosi.

Nimekosa treni ya mwisho, nifanyeje?

Kwanza usipaniki, hii inawatokea wenyeji kila siku na mji umejengwa kwa kulijua hilo. Angalia umbali kwanza. Shibuya mpaka Shinjuku kwa mfano ni kama kilomita tatu na nusu, unatembea chini ya saa moja, na kutembea usiku hapa ni raha, barabara zina mwanga na kila baada ya hatua kadhaa kuna mashine ya vinywaji inauza chai ya moto kwenye kopo. Mimi nishatembea hiyo njia mara nyingi tu, nyingine kwa kupenda.

Kama ni mbali, pa kukaa papo pa aina nyingi. Kuna karaoke, vyumba vidogo vya kukodi mnaimba wenyewe bila watu msiowajua, na karibu zote zina bei ya usiku mzima, unaingia kama saa tano usiku unatoka saa kumi na moja. Wengi wanaokodi muda huo hawaimbi, wanalala kwenye kochi. Kuna kafe za intaneti na manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, unapewa kijumba chako chenye kompyuta, kiti au godoro jembamba, vinywaji visivyo na pombe ni bure, nyingi zina bafu, na kwa Tokyo lazima uonyeshe kitambulisho, ni sheria ya mji tangu 2010, kwa hiyo pasipoti isikae hotelini. Halafu kuna hoteli za kapsuli. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, ilichorwa na msanifu majengo Kisho Kurokawa, na ilikuwa hasa kwa ajili ya hawa hawa wafanyakazi waliokosa treni. Kapsuli ni kama kitanda kwenye kijisanduku, unaweza kukaa ila husimami, panakuwa pasafi, mzigo unaacha kwenye kabati. Nyingi bado ni za wanaume tu au zina ghorofa tofauti, dada zangu mwangalie hilo kabla hamjaenda. Ijumaa usiku zinajaa, ukiona saa tano imepita na huna uhakika wa treni fanya bukingi hapo hapo ulipokaa.

Kuna na mabafu ya kuoga ya saa 24, maji ya moto, sauna, sehemu ya kulala kwenye viti. Kwa mimi hii ndo njia bora kuliko zote maana asubuhi unatoka mtu mpya. Ukikaa baada ya saa sita au saba usiku wanaongeza hela ya usiku wa manane. Na kama una tatuu, nyingi hawakuingizi, uliza mlangoni kabla ya kulipa.

Teksi je?

Salama, safi, na usiku bei inapanda asilimia 20 kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Katikati ya mji kianzio ni kama yeni 500 kwa kama kilomita moja, ila inapanda haraka, mkiwa watatu au wanne inalipa, peke yako kwenda pembezoni utaumia. Vitu viwili vinavyowachanganya wageni: mlango wa nyuma unafunguka wenyewe, dereva ndo anaufungua, usiuvute, na ile taa ya maandishi kwenye kioo cha mbele ikiwa nyekundu maana yake iko wazi, ikiwa kijani ina mtu. Watu wanaziacha za nyekundu zinapita wakisubiri kijani kama taa za barabarani.

Saa nane usiku njaa imenishika, nakula nini?

Gyudon. Jibu langu la kwanza daima ni hilo. Ni bakuli la wali juu yake nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba ikapikwa na kitunguu kwenye mchuzi wa soya mtamu kidogo, bakuli la kawaida linazunguka hapo yeni 500, na maduka kama Yoshinoya, Sukiya na Matsuya mengi yako wazi usiku wa manane. Yoshinoya ilianza mwaka 1899 ikilisha watu wa soko la samaki la Nihonbashi, watu wanaoamka usiku wa manane na wanataka kitu cha moto, cha haraka, cha kushibisha, na mpaka leo kazi yake ni hiyo hiyo.

Nikwambie ilivyo. Unaingia, kaunta, stuli, taa nyeupe kali. Unaagiza kwa kidole kwenye menyu yenye picha, hujakaa vizuri bakuli limefika, linatoa moshi. Pembeni kuna kijisanduku cha tangawizi nyekundu ya kuchachuka, ya bure, unaweka unavyotaka, na mimi naweka nyingi kwa sababu ile ukali wake ndo unakata utamu wa mchuzi. Usiku mmoja wa mvua saa tisa, kushoto kwangu alikaa dereva wa teksi, akavua glavu zake nyeupe moja moja, akazikunja, akaziweka juu ya kaunta mbali na bakuli zisiingie mchuzi, akala bila kuongea, akanywa chai yote, akavaa glavu zake tena, akasema gochisosama, ndo shukrani ya chakula, akatoka. Kulia kwangu kijana wa suti alikuwa amelala ameshika vijiti, mhudumu hakumwamsha, alimwongezea tu chai. Nimekula sehemu za gharama hapa na sikumbuki nilichokula, ila hiyo nusu saa naikumbuka yote.

Baada ya hapo ni ramen. Wajapani wana neno shime, ni kile chakula cha kufungia usiku baada ya kunywa, na wengi wanafungia kwa ramen, supu ya chumvi yenye mafuta na tambi. Utaona foleni nje ya kaduka kadogo saa saba usiku wakati mgahawa mkubwa wa pembeni umefunga, hapo ingia kwenye foleni. Na kuvuta tambi kwa sauti ni sawa kabisa, ziko moto na ndo namna ya kuzila, ila ukimaliza nyanyuka, wenzako wanasubiri kwenye baridi.

Migahawa ya familia, ile yenye menyu kubwa na vinywaji vya kujiongezea, zamani ilikuwa ndo kimbilio la usiku ila mingi imeacha saa 24, Royal Host waliacha mwaka 2017 na wengine wakafuata. Iliyobaki ipo, ila angalia kwanza, usiende kwa kukariri.

Ile mashine ya tiketi za chakula mlangoni mwa mgahawa naitumiaje kama sijui kusoma Kijapani?

Weka hela kwanza, vitufe vinawaka, bonyeza, chukua tiketi na chenji, mpe mhudumu. Kama huelewi chochote bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto, mara nyingi hapo ndo wanaweka chakula chao kikuu. Mashine za zamani hazipokei kadi wala noti ya yeni 10,000, kwa hiyo ukiwa unatoka usiku tembea na noti za elfu moja moja.

Mimi ni Muislamu, usiku nitapata chakula halali kweli?

Utapata ila lazima upange. Shida sio tu kwamba kuna nguruwe, shida ni kwamba nguruwe amejificha. Supu nyingi za ramen zinachemshwa na mifupa yake hata pale ambapo juu hujaona nyama, na michuzi mingi ina sake au mirin, zote pombe za mchele zinazotumika kupikia. Hata ile gyudon niliyoisifia, ng'ombe wake hakuchinjwa kihalali na mchuzi unaweza kuwa na pombe ndani, kwa hiyo kwa anayefuata sawasawa hiyo haimhusu, na nasema wazi kwa sababu nimeona watu wanaambiwa ni ng'ombe tu we kula.

Nenda Shin-Okubo. Ni stesheni moja tu kutoka Shinjuku kwa laini ya Yamanote, na kuna kichochoro wanakiita Isuramu Yokocho, maduka ya viungo, bucha za halali, wali wa biriani, watu wa Bangladesh, Nepal, Pakistan, utasikia harufu ya iliki kabla hujafika. Jioni mpaka usiku wa kawaida utakula vizuri pale. Usiku wa manane kabisa chaguo linapungua, hapo ni maduka ya kebabu ya Waturuki kwenye mitaa ya starehe, mengi yana alama ya halali, uliza tu. Kwenye maduka madogo jifunze herufi mbili, 豚 ni nguruwe na 酒 ni pombe, ukiziona kwenye orodha ya viungo rudisha. Samaki, yai la kuchemsha, ndizi, onigiri, yaani tonge la wali, ya plamu chungu inayoitwa umeboshi, hivyo ndo vya kuanzia ila bado soma nyuma ya pakiti. Na kama ni msikiti, mkubwa kuliko yote Japani ni Tokyo Camii, upo karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, ulifunguliwa mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki, na kule utakutana na watu watakaokuelekeza vizuri kuliko mimi.

Konbini ni nini na kwa nini kila mtu anaisifia?

Ni duka dogo la kila kitu, Japani nzima yapo zaidi ya 55,000, na karibu yote hayafungi. Duka la kwanza la 7-Eleven Japani lilifunguliwa hapa hapa Tokyo, Toyosu, mwaka 1974. Usiku utapata onigiri, kuku wa kukaanga wa kwenye kabati la moto kando ya kaunta, supu, mayai, soksi, shati jeupe la kwenda nalo kazini kesho, chaja ya simu, mashine ya kutoa hela inayokubali kadi za nje, na choo kwenye mengi. Wakati wa baridi mengine yanaweka sufuria la oden, vitu vinavyoelea kwenye supu ya samaki, mimi naanza na figili, inakuwa imelainika mpaka inakatika kwa vijiti na imenyonya ile supu yote ndani. Mwambie mhudumu akupashie chakula, konbini zina maikrowevu na hulipii chochote.

Izakaya wameniletea kibakuli sijaagiza wakanilipisha, wameniibia?

Hapana. Inaitwa otoshi, ni kijichakula kidogo kinachokuja mwanzo na kinahesabika kama hela ya kiti, yeni mia kadhaa kwa mtu. Izakaya ni sehemu ya kunywa na kula vitu vidogo vidogo mnachangia mezani, mishikaki ya kuku, maharage ya kijani ya soya yenye chumvi, samaki wa kuchoma. Wakija kusema oda ya mwisho ni kweli ya mwisho, jiko linafungwa. Kuna ofa za kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120, kama hunywi pombe agiza juisi au chai ya oolong, hamna anayekushangaa. Tipu usiache, mhudumu atakufuata mbio mtaani kukurudishia.

Golden Gai ipoje, nasikia mgeni haruhusiwi?

Golden Gai ni vichochoro sita hivi vya Shinjuku vyenye baa zaidi ya 200, nyingine zinaingiza watu sita wakabanana. Eneo lilitokana na biashara za magendo za baada ya vita, na miaka ya 1980 lilinusurika wakati watu waliotaka ardhi yake walipokuwa wanachoma moto majengo ya namna hiyo, wateja na wenye baa walilinda kwa zamu usiku. Ndo maana naomba uende kwa heshima. Baa nyingine ni za wateja wa kudumu tu, nyingi zinakaribisha wageni na zimeandika mlangoni, na karibu zote zina kiingilio, soma bei nje kwanza. Usiingie watu wanane. Usipige picha za watu. Kunywa kimoja au viwili, ongea na aliye pembeni yako, uhamie nyingine. Omoide Yokocho, upande wa magharibi wa stesheni ya Shinjuku, ni ya kula zaidi, mishikaki, moshi, vibanda vimegusana, iliungua sehemu mwaka 1999 ikajengwa tena, na pale mapema jioni ndo pazuri zaidi.

Kuna mtu mtaani ananiita niingie baa, anaongea Kiingereza kizuri, niende?

Usiende. Hapa sina kona kona. Kabukicho na Roppongi, mitaa ya starehe, usiku kuna watu kazi yao ni kukuvuta, na baadhi yao, tena wengi, ni ndugu zetu Waafrika kabisa, watakuita kaka, watakuuliza unatoka nchi gani, watakuambia kinywaji cha kwanza bure. Inauma kusema ila lazima niseme, udugu usikupeleke ghorofani kwenye baa usiyoijua. Jamaa yangu mmoja aliingia baa moja kwa kuambiwa yeni 3,000, akanywa bia mbili, bili ikaja ya makumi ya maelfu, huduma ya meza, huduma ya mhudumu aliyekaa naye, barafu, kila kitu kimeandikwa, na mlangoni wamesimama watu wawili. Wajapani wenyewe wana jina la huu mchezo, bottakuri, na Kabukicho spika za mtaani zinatangaza usiku kucha kwamba usimfuate anayekuita. Kuita wateja hivyo pale ni kosa kisheria. Sehemu nzuri haina haja ya mtu wa kukuvuta mkono. Ikikutokea usitoe kadi ya benki, sema mnaenda wote koban, ndo kile kituo kidogo cha polisi cha mtaani, au piga 110. Na kinywaji chako kisiachwe mezani ukaenda chooni.

Sinywi na klabu sipendi, usiku nitafanya nini?

Mengi tu. Jengo la serikali ya mji kule Shinjuku lina sehemu ya kutazama mji ukiwa mita 202 juu, ghorofa ya 45, bure kabisa, mpaka saa nne usiku, ila mwisho wa kuingia ni nusu saa kabla. Tangu 2024 ukuta wake unaonyeshwa picha kubwa za mwanga usiku, unakaa chini pale uwanjani unatazama. Hekalu la Senso-ji, Asakusa, ukumbi wake unafunga saa kumi na moja jioni lakini uwanja wake haufungwi, na mimi naona usiku ndo wakati wake, mchana huwezi kusogea kwa watu, usiku unasikia hatua zako mwenyewe, hekalu jekundu limewashwa taa, na yale maduka ya njiani yakishashusha mageti ya chuma unaona yamechorwa picha za sherehe na misimu ya Asakusa, kitu ambacho mtalii wa mchana hakioni kamwe. Tokyo Tower, ile ya mwaka 1958 yenye mita 333, taa zake huwa zinazimwa saa sita usiku, kuna watu wanaenda wawili wawili kusimama chini kusubiri izime. Maduka ya Don Quijote mengi yako wazi usiku kucha, utapotea humo saa nzima.

Klabu je, kweli zamani kucheza muziki usiku ilikuwa marufuku?

Kweli. Sheria ya mwaka 1948 ilikataza sehemu za kucheza kupita saa sita usiku au saa saba, miaka mingi polisi waliifumbia macho, alafu kuanzia 2010 hivi wakaanza kuzivamia klabu. Ikabadilishwa 2015 na kuanza kutumika Juni 2016, sharti mojawapo taa zisipungue mwanga wa lux 10. Saivi zinaenda mpaka treni ya kwanza. Umri wa kunywa pombe ni miaka 20 hata kama utu uzima kisheria umeshushwa kuwa 18, na mlangoni wanataka pasipoti halisi, picha kwenye simu hawaikubali.

Mwanamke peke yake usiku, ni salama?

Kwa kulinganisha na miji mingi mikubwa, ndiyo, utaona wadada wanatoka kazini saa saba usiku wanatembea wenyewe na begi begani. Lakini dada, salama haimaanishi hamna kitu. Treni za mwisho zinabanana na kuna wanaume wanatumia ule msongamano kushika watu, baadhi ya laini zina behewa la wanawake lakini nyingi ni kwa masaa ya asubuhi, kwa hiyo usiku panda lililo karibu na kondakta, la nyuma kabisa. Ukishikwa piga kelele, watu watakusaidia. Mitaa ya Kabukicho pita barabara kubwa. Na gari la wagonjwa ni 119.

Polisi wakinisimamisha?

Wanaruhusiwa kukuuliza pasipoti au kadi ya ukaazi na kisheria unatakiwa uwe nayo mwilini. Sisi weusi tunasimamishwa, inaudhi, ila onyesha, jibu kwa upole, endelea na safari yako.

Naweza kunywa bia barabarani? Na takataka natupa wapi?

Kwa ujumla hakuna sheria ya nchi inayokataza, ila eneo la stesheni ya Shibuya tangu Oktoba 2024 ni marufuku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, mwaka mzima. Madebe ya taka yaliondolewa sehemu nyingi baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni mwaka 1995, kwa hiyo weka mfuko kwenye begi, rudi na taka zako. Na baiskeli ukishakunywa usiipande, adhabu ziliongezwa Novemba 2024, na hata zile skuta za umeme za kukodi ni marufuku ukiwa umekunywa.

Nimekesha, saa kumi na moja alfajiri imefika, niende kulala?

Ukiweza kusubiri saa moja zaidi, panda treni ya kwanza uende Tsukiji. Soko kuu la samaki lilihamia Toyosu tarehe 11 Oktoba 2018, na mnada wa jodari uko huko alfajiri, unatazama ukiwa juu nyuma ya kioo, ila kuutazama kwa karibu mpaka uombe mapema na jina litoke kwenye bahati nasibu. Lakini maduka ya nje ya Tsukiji hayajahama, na kuanzia saa kumi na moja wapishi wa mikahawa wanakuja kununua, watu wanasukuma mikokoteni, mahali wanakata jodari, mahali wanauza mayai ya kukunja ya moto kwenye kijiti, tamu kidogo, yanachuruzika maji ukiyabana. Kula hilo yai umesimama pale pale dukani, sio unatembea, kijiti unamrudishia muuzaji. Alafu tafuta supu ya miso yenye kome wadogo wa shijimi, wenyeji wanaiamini kwa mtu aliyekesha akinywa, ishike bakuli kwa mikono miwili, na ukirudi stesheni utapishana na watu wa ofisini wanashuka, wameoga, wanakimbilia kazini.